Kichaka cha maua ya njano kimejaa majani, maua hakuna. Shida ni nini?

Mama_Kibarazani

Wakuu, habari zenu.

Nina kichaka mbele ya nyumba, karibu na ukuta. Nilikikuta kimeshapandwa, na msimu ule wa kwanza kilichanua maua ya njano yenye umbo la tarumbeta kutoka juu hadi usawa wa kiuno. Sasa kimegoma. Majani ni mengi, ya kijani kizito, matawi yanarefuka kwa kasi, ila maua ni ya kuhesabu, tena yote yako upande wa ukutani ambako hakuna anayeyaona.

Jua kinapata tangu asubuhi hadi alasiri. Namwagilia kila jioni. Samadi naweka mara kwa mara. Jina lake nalo ni mtihani: mmoja aliniambia ni alamanda, mwingine tekoma, na kijana anayenisaidia bustanini anasema yote ni yale yale. Nifanyeje? Au nikikate chote kianze upya?

kaa_chonjo

Nakaa hapa kusubiri wajuzi. Changu nacho kina tabia hiyohiyo.

Mzee_Samadi

Jibu umeshalitoa mwenyewe, mama: samadi mara kwa mara.

Mmea ukishiba naitrojeni unajenga majani na matawi, habari ya maua unaiahirisha. Hata mbolea ya viwandani iko hivyo. Kwenye mfuko mnaona namba tatu, mfano 17-17-17 au 20-10-10. Ya kwanza ni naitrojeni, ya pili fosforasi, ya tatu potasiamu. Ya kwanza ikizidi sana wenzake, jua unalisha majani. Kwenye samadi, ya kuku ina naitrojeni nyingi kuliko ya ng'ombe, na ikiwa mbichi ndiyo balaa zaidi maana inaweza kuunguza hata mizizi. Acha kabisa msimu huu wote. Kama una nyasi karibu unazowekea mbolea, hesabu kwamba kichaka nacho kinakula hapohapo, mizizi haijui mpaka wa nyasi uko wapi.

Kipandikizi

Shikamoo mzee. La samadi nakuunga mkono, lakini kabla ya kutoa dawa tumjue mgonjwa. Mama_Kibarazani, chukua kitawi kimoja utazame majani. Achana na maua kwanza, maana maua ndiyo yanayowachanganya watu.

Tekoma: jani lake limegawanyika vijani vidogo, aghalabu vitano hadi kumi na tatu, vimepangwa jozi jozi na kimoja kinabaki peke yake nchani. Kingo zina meno meno. Majani yenyewe yanakaa mawili mawili kwenye tawi, yakitazamana. Ukilivunja jani halitoi maziwa. Maua yakipita yanaacha maganda membamba marefu, hata ya sentimita 20, na ndani mna mbegu nyepesi zenye mabawa.

Alamanda: jani ni zima, nene, linang'aa, halina meno. Majani matatu hadi matano yanazunguka kifundo kimoja, yaani pale kwenye tawi majani yanapotokea. Ukivunja, utomvu mweupe unachuruzika. Matawi yake marefu yanatafuta pa kuegemea, na ua ni pana kuliko la tekoma.

Thevetia: jani jembamba refu, moja moja kulizunguka tawi, nalo lina utomvu mweupe. Ua lake halifunguki sana. Tunda ni la kijani, lina pembe, na ndani mna kokwa ngumu. Huyu ni wa kuangaliwa kwa jicho la pekee kwa sababu ni sumu kali.

Kijana wako akisema ni yale yale, mwambie tekoma ni ukoo mmoja na jakaranda, ila alamanda na thevetia ni ukoo mwingine, mmoja na oleanda. Matunzo yao yanagongana mahali pengi.

Mama_Kibarazani

Nimetoka nje nimeangalia. Vijani saba kwenye jani moja, kingo zina meno, hakuna maziwa. Na maganda yapo, ila ni kulekule nyuma na machache juu kabisa.

Kipandikizi

Tekoma basi, *Tecoma stans*. Umepata mmea mwepesi kuliko wote watatu.

Ughaibuni_Baridi

Mama, chonde chonde usikikate sasa! Vichaka vya njano vina kanuni: unasubiri vimalize kuchanua, unakata papo hapo, halafu huvigusi tena mpaka mwaka unaofuata. Ukikata wakati mwingine wowote umejikatia maua ya mwakani. Huku niliko hata watoto wanajua.

shoka_butu

Kanuni ya kichaka gani hiyo? Tekoma mimi naishusha hadi magotini kabla ukuaji haujaanza, na inarudi na maua mpaka matawi yanainama. Tusitishane.

Ughaibuni_Baridi

Mkuu sibishani na shoka lako. Nasema ninachokiona. Jirani aliupogoa wake wakati wa baridi kali, ukawa safi kabisa, wa duara. Majira ya kuchipua yalipofika mitaa yote ni njano, wake ni vijiti vitupu.

Kipandikizi

Wote mko sahihi, mnazungumzia mimea miwili tofauti. Ughaibuni, bila shaka unayosema wewe ni fosithia, ile ya nchi za baridi inayochanua kabla hata jani halijatoka. Sivyo?

Ughaibuni_Baridi

Ndiyo hiyohiyo, *Forsythia*. Kwani si ndiyo kichaka cha maua ya njano?

Kipandikizi

Ni kichaka, na ni cha maua ya njano, kweli. Ila swali la kumuuliza mpogoaji yeyote ni moja: ua linatokea kwenye tawi la lini?

Fosithia inatengeneza vichomozo vya maua kwenye matawi yaliyokua msimu uliopita. Vinakaa vimelala wakati wote wa baridi vikisubiri joto. Ukipita na mkasi katikati ya baridi unaondoa maua yaliyokwisha kuumbwa, na hakuna mbolea itakayokurudishia. Ndiyo maana inakatwa mara tu baada ya kuchanua, ili matawi mapya yapate majira yote ya joto kuandaa maua ya mwakani. Tena haikatwi juu juu. Zinaondolewa fimbo kongwe chache kutoka chini kabisa, robo au theluthi yake, na changa zinaachwa.

Tekoma haina akiba hiyo. Maua yake yanatoka kwenye ncha za matawi yaliyochipua msimu huuhuu. Ukilikata tawi kongwe, linasukuma machipukizi, na kila chipukizi likikomaa linaishia na shada la maua. Alamanda nayo iko hivyo. Kwa hiyo shoka_butu anaposhusha tekoma kabla ukuaji haujaanza, anachokifanya ni kuongeza idadi ya ncha. Angelifanya hivyo kwa fosithia angelia.

Kwa hiyo anayekwambia "vichaka vya njano hukatwa hivi", mwulize kwanza cha njano kipi.

kaa_chonjo

Hapa nimeelewa kitu. Endeleeni.

shoka_butu

Sawa, tumemalizana na Ughaibuni kwa amani. Sasa Mama_Kibarazani, nina swali, na usione ni dogo. Umesema maua yapo upande wa ukutani tu, na maganda yapo nyuma na juu kabisa. Huko ndiko mkono haufiki. Hicho kichaka kinanyolewa kila baada ya muda gani, na kwa chombo gani?

Mama_Kibarazani

Kijana anakinyoa kila akija kukata nyasi, wiki mbili hivi. Anatumia ule mkasi mkubwa wa mikono miwili wa kunyooshea ua wa uzio. Amekifanya cha mraba, kwa kweli kinapendeza kimpangilio.

shoka_butu

Ndiyo huyo mwizi wa maua.

Tekoma inahitaji wiki kadhaa kulirefusha chipukizi, kulikomaza na kutoa vichomozo nchani. Wewe kila wiki mbili unaifyeka ncha. Mmea unajibu kwa kutoa machipukizi mawili chini ya kila mkato, yanafyekwa tena, yanatoka manne. Ndiyo maana kimeshonana majani kwa nje, na nina hakika ukikifunua katikati utakuta vijiti vikavu visivyo na jani. Upande wa ukutani umesalimika kwa sababu kijana hapiti. Samadi ya mzee inachangia, lakini hata ukiacha samadi miaka yote, mkasi huo ukiendelea hutaona ua.

Mzee_Samadi

Hapo umenizidi, kijana. Nilisoma haraka nikaona samadi.

Mama_Kibarazani

Mungu wangu, kumbe ni mkasi! Sasa nisikate kabisa? Kitakuwa msitu, maana tekoma za watu naona zinafika hadi paa.

shoka_butu

Kukata utakata, ila kwa mtindo mwingine. Ukiiachia inaenda mita tatu, nne, hata zaidi, inakuwa mti mdogo wenye maua kileleni na miguu mitupu.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Kazi kubwa naifanya mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa kipindi ambacho mmea umetulia, kabla joto au mvua haijauamsha. Wenye baridi ya kugandisha wasubiri hatari ya jalidi ipite kabisa, maana machipukizi mapya yakikutwa na jalidi yanakufa, ingawa tekoma iliyokomaa ikiungua juu huwa inachipua tena kutoka mizizini.

Naanza na vilivyokufa, vilivyovunjika, na matawi yanayosuguana. Hivyo vinatoka bila mjadala. Halafu naingia katikati, naondoa fimbo kongwe mbili tatu kutoka chini kabisa ili mwanga na hewa viingie. Hapo unatumia msumeno mdogo wa kupogolea, si mkasi. Tawi nene ukilibana kwa mkasi linapondeka badala ya kukatika. Baada ya hapo ndipo nafupisha yaliyobaki. Kichaka kilichopitiliza nakishusha hadi sentimita 40 au 60 kutoka ardhini, kinachobaki ni kama vigingi na wapita njia watakuonea huruma. Kilicho kwenye hali nzuri nakipunguza theluthi tu.

Kila mkato uwe juu kidogo ya kifundo, nusu sentimita hivi. Ukiacha kijiti kirefu juu ya kifundo kinakauka na kuoza kuelekea chini. Tekoma ina vichomozo viwili kila kifundo, vinatazamana, kwa hiyo mkato mmoja unakupa matawi mawili. Blade iwe kali na safi. Ukihama kutoka kichaka kinachoumwa kwenda kizima, ifute kwa spiriti.

Halafu unaacha. Hiyo ndiyo sehemu ngumu kwa vijana wenye mkasi. Machipukizi yatatoka marefu, yatakwenda ovyo ovyo, usiyaguse. Yakishachanua na maua kunyauka ndipo unarudi, unakata shada lililokwisha pamoja na jozi moja au mbili za majani chini yake. Mkato huo unaita awamu nyingine ya maua. Palipo na joto mwaka mzima unaweza kupata awamu kadhaa.

Kama lazima uwe na uzio wa mraba, tafuta mmea mwingine. Tekoma si wa kunyoa, ni wa kupogoa.

Mama_Kibarazani

Nimenakili yote. Na maji? Kila jioni ni sawa?

jua_la_utosi

Kila jioni ni nyingi mno kwa tekoma iliyokwisha kushika. Asili yake ni maeneo ya joto ya Amerika, kuanzia kusini mwa Marekani, Meksiko, kushuka hadi Ajentina, na huko inaota hata kwenye makorongo ya mawe. Inayomwagiliwa kidogo kidogo kila siku inaweka mizizi juu juu, siku ukisafiri inanyauka haraka.

Mwaga kwa wingi mara moja, maji yazame, kisha subiri udongo wa juu ukauke. Chimbua kwa kidole hadi kifundo cha pili: kukiwa na unyevu, ondoka. Mche mpya ndio wa kuangaliwa kwa karibu miezi ya mwanzo. Na mwagilia chini kwenye shina, si juu ya majani, hasa jioni. Majani yanayolala yamelowa yanakaribisha kutu.

kaa_chonjo

Kutu ya nini tena?

jua_la_utosi

Ugonjwa wa ukungu. Unaona madoa kwenye jani, ukigeuza upande wa chini unakuta unga wa rangi ya kutu. Ng'oa majani yaliyoathirika, usiyaache chini ya kichaka, fungua katikati hewa ipite. Mara nyingi inatosha.

vyungu_kumi

Samahani kuingilia uzi wa mama. Yangu ni alamanda kweli, nimeihakikisha kwa yale maelezo ya Kipandikizi: majani manne kwenye kifundo, maziwa meupe. Iko ardhini, imeegemea ukuta uliopigwa plasta. Majani mapya yanatoka ya njano lakini mishipa imebaki ya kijani. Ya zamani chini ni mazima. Nimeongeza mbolea, hakuna badiliko.

Kipandikizi

Ulivyoeleza vizuri umenirahisishia. Njano ya majani ina lugha yake, angalia inaanzia wapi.

Ikianzia majani ya zamani, ya chini, yakiwa njano mazima bila mishipa ya kijani, mara nyingi ni njaa ya naitrojeni. Mmea una uwezo wa kuivua naitrojeni kutoka majani ya zamani na kuipeleka kwa machanga, kwa hiyo wazee ndio wanaoumia kwanza. Ikianzia majani machanga, mishipa ikabaki ya kijani, hiyo ni njaa ya chuma. Chuma hakihamishiki kirahisi, kilichokwenda kwenye jani la zamani kimekwenda, na jani jipya linazaliwa bila kitu. Yakiwa njano kila mahali, majani yamelegea na udongo umelowa, ni maji yamezidi na mizizi inakosa hewa.

Yako ni ya pili. Huenda chuma kimo tele udongoni, ila hakichukuliki. Saruji na plasta vina chokaa, mvua inaiteremsha chini ya ukuta, udongo unapoteza tindikali, na chuma kinajifunga. Alamanda inapenda udongo wenye tindikali kidogo, hivyo inaumia mapema. Tekoma ingevumilia hapohapo bila kulalamika, udongo wa chokaa hauisumbui sana.

Mbolea ya kawaida haitasaidia. Tumia chuma cha aina ya kileti, kile kinachotengenezwa ili kisifungwe na udongo, kwa kipimo cha kwenye pakiti. Kwenye udongo wa chokaa nyingi tafuta chenye herufi EDDHA kwenye pakiti, maana cha EDTA kinashindwa chokaa ikizidi. Sambamba na hilo weka mboji nyingi juu ya udongo, na ukipanda mpya usogeze angalau mita moja kutoka ukutani. Majani yaliyokwisha kugeuka njano huenda yasirudi vizuri, wewe angalia yanayozaliwa baadaye.

vyungu_kumi

Asante sana mkuu. Hapo pa majani ya zamani na machanga sijawahi kuelezwa na mtu.

Bi_Mkubwa_Uani

Kipandikizi, ulisema thevetia ni ya kuangaliwa kwa jicho la pekee ukaishia hapo. Nadhani ndiyo niliyo nayo: majani membamba, matunda ya kijani yenye pembe. Wajukuu wanayaokota wanachezea. Nifanyeje?

Kipandikizi

Shikamoo bibi. Hilo usilichelewe. Thevetia ina sumu kila sehemu, mbegu zikiwa kali kuliko zote. Sumu yake inashambulia mwendo wa moyo: mtu anatapika, mapigo yanapungua au kwenda kombo, na inaweza kuua. Mtoto akitafuna mbegu usisubiri dalili wala usimtapishe, apelekwe hospitali mara moja, na uchukue tunda au jani ili daktari aone ni mmea gani.

Kama watoto wadogo wanacheza hapo, kwa maoni yangu ung'oe. Najua unapendeza. Kama huwezi kuung'oa, kata maua yanaponyauka kabla hayajawa matunda, na okota kila tunda lililoanguka. Anayeukata avae glavu na kukinga macho, utomvu unawasha, kisha anawe mikono kabla ya kugusa kitu kingine. Mabaki yasiende kwa mbuzi au ng'ombe.

Alamanda nayo, vyungu_kumi, utomvu wake unawasha ngozi na ukimezwa unaharisha. Si wa kutisha kama thevetia, ila glavu ni zilezile.

Bi_Mkubwa_Uani

Marahaba mwanangu. Unang'oka kesho.

Mama_Kibarazani

Nimerudi na mrejesho, wakuu.

Kijana alikubali kwa shingo upande. Tulikuta kama shoka_butu alivyosema, katikati kulikuwa na vijiti vikavu. Tulitoa fimbo kongwe, tukashusha zilizobaki. Samadi nimeacha, maji nimepunguza. Sasa machipukizi ni marefu kama mkono na nchani kuna vishada vya vichomozo vimeanza kujitokeza. Ila nimeona jambo: nchani hapohapo kuna vidudu vya kijani vimejazana, na majani ya chini yananata, mengine yana kama masizi. Siafu wadogo wanapanda na kushuka.

jua_la_utosi

Hao ni vidukari. Wanapenda chipukizi laini, na tekoma iliyolishwa samadi nyingi ni laini kuliko kawaida. Wananyonya utomvu na kutoa maji matamu, ndiyo hayo yanayonata. Masizi ni ukungu unaoota juu ya hayo maji matamu, hauli jani lenyewe, ila unalizibia mwanga. Na hao si siafu bali sisimizi, wanayafuata hayo maji, na kwa malipo wanawafukuza wadudu wanaokula vidukari.

Anza na bomba la maji: yapige machipukizi kwa nguvu ya wastani asubuhi, rudia baada ya siku mbili tatu. Wakianguka wengi hawarudi juu. Wakibaki, sabuni ya maji isiyo na manukato makali, kijiko cha chai kwa lita moja, unapulizia chini ya majani jua likishazama. Jaribu kwenye tawi moja kwanza, maana sabuni nyingine zinaunguza. Dawa kali usifikirie wakati maua yanafunguka, nyuki wanaingia humo tangu asubuhi.

shoka_butu

Na ukiona wadudu wadogo wekundu wa umbo la kobe, wenye madoa meusi, au vibuu vyao vyeusi vyenye miba miba, usiwapulizie. Hao wapo kazini.

Mzee_Samadi

Mie nauliza la mbegu. Mama ana maganda kule nyuma. Si ayakusanye agawie watu? Tekoma inaota bila shida.

Kipandikizi

Inaota bila shida, mzee, na hapo ndipo penye shida.

Ganda likikauka linapasuka, na zile mbegu zenye mabawa zinachukuliwa na upepo hadi makorongoni, kando ya barabara, malishoni. Mmea huohuo ambao Bahamas ni ua la taifa, Afrika Kusini umewekwa kwenye orodha ya mimea vamizi na hauruhusiwi kuuzwa wala kupandwa. Queensland kule Australia nako umezuiwa. Kwa hiyo kwanza angalia sheria ya nchi yako inasemaje, na kama unaruhusiwa, maganda yakatwe yakiwa bado mabichi. Na maua utapata zaidi, kwa kuwa mmea hautumii nguvu kukomaza mbegu.

Mzee_Samadi

Hata mimi nilikuwa naiona porini nikidhani ni ya hukohuko. Mwenye shamba kando ya korongo apande nini basi?

Kipandikizi

Wa Afrika ya tropiki wana mbadala wao wa asili, *Senna didymobotrya*. Maua yake ya njano yamesimama wima kama mishumaa, na vichomozo vya nchani ni vyeusi, mchanganyiko ambao mimi naupenda kuliko hata tekoma. Majani ukiyasugua yanatoa harufu, wengine wanaisifu, wengine wanakimbia. Ni jamii ya mikunde, ila usitegemee itakurutubishia udongo, haina vinundu vya naitrojeni mizizini kama maharage. Nje ya eneo lake la asili nayo imekuwa vamizi sehemu nyingine, hata Afrika Kusini, kwa hiyo Ughaibuni usiibebe.

Ughaibuni_Baridi

Nibebe wapi mkuu, huku ingekufa kabla sijafungua sanduku. Nabaki na fosithia yangu.

vyungu_kumi

Kwa mwenye tekoma na anataka kuongeza bila mbegu, vipandikizi vinakubali?

Kipandikizi

Jina langu limeitwa.

Vinakubali. Chagua tawi la mwaka huu lililoanza kukomaa: ukilipinda linabisha kidogo lakini halijawa gumu. Urefu sentimita 10 hadi 15, mkato wa chini uwe chini tu ya kifundo. Toa majani ya chini, bakisha jozi moja juu na uyakate nusu yapoteze maji kidogo. Kikiwa na ua au kichomozo, kiondoe, la sivyo kitajaribu kuchanua badala ya kuota mizizi. Unga wa homoni ya mizizi unasaidia ingawa si lazima. Choma kwenye mchanga mkubwa uliochanganywa na mboji iliyochekechwa, loweka, funika kwa mfuko angavu, weka penye mwanga bila jua la moja kwa moja. Fungua mfuko kila siku kidogo hewa ibadilike.

Usivivute vute kuangalia mizizi. Ukiona jani jipya, subiri tena kidogo, kisha kivute taratibu. Kikishikilia, hamishia kwenye kopo. Kinachotokana na kipandikizi kinakuwa sawasawa na mama yake, kwa rangi na kwa umbo. Cha mbegu kinaweza kukupa rangi hafifu au umbo jingine.

kaa_chonjo

Na kwenye chungu kinaishi moja kwa moja?

Kipandikizi

Kinaishi, ila chungu kiwe na matundu ya kutosha chini, na kila baada ya mwaka mmoja au miwili ukitoe uangalie mizizi. Ikizunguka imekuwa kitanzi, punguza ya nje kwa kisu kikali, badilisha udongo, na siku hiyohiyo punguza matawi ya juu ili mizizi iliyobaki iweze kuyalisha. Cha chungu ndicho kinachohitaji mbolea kuliko cha ardhini, maana kila unapomwagilia virutubisho vinatoka na maji. Mpe kidogo kidogo wakati wa ukuaji, yenye potasiamu zaidi kuliko naitrojeni.

Mama_Kibarazani

Vidukari nimewapiga maji mara mbili, wamebaki wachache. Kijana anauliza: mkasi wake ule mkubwa aufanyie nini sasa?

shoka_butu

Anyooshee nyasi za kingoni.